Yasiyosomwa kwenye wasifu wa bibi

Wasifu wa marehemu, Mbulu na Hanang kama kwingine nchini, huwa ni karatasi moja. Huchapwa siku moja kabla ya mazishi kwenye duka la stesheneri mjini Katesh, Dongobesh au Haydom, na msomaji wake mara nyingi ni mjukuu aliyesoma kuwapita wenzake. Husimama kando ya jeneza, mbele ya waombolezaji waliojifunika mashuka na mablanketi kwa ajili ya baridi ya milimani, akasoma: bibi yetu mpendwa alizaliwa mwaka 1935, akabatizwa, akafunga ndoa takatifu, akajaliwa watoto tisa ambao kati yao saba wako hai. Alianza kusumbuliwa na presha. Alilazwa, akaruhusiwa, akalazwa tena. Ameacha wajukuu wengi na vitukuu. Yanafuata maneno ya Ayubu, kisha kwaya inaingia.

Hakuna uongo humo, isipokuwa labda huo mwaka wa kuzaliwa, ambao karani fulani aliukisia zamani wakati wa kuandikisha watu na ukabaki hivyo hivyo. Kinachonisumbua ni kwamba karatasi hiyo, ukibadilisha jina tu, inamfaa bibi yeyote kuanzia Kainam hadi Basotu. Wasifu wa mzee wa kiume angalau hutaja kwamba alikuwa balozi wa nyumba kumi, mwenyekiti wa kijiji, mzee wa kanisa, mtu aliyeitwa kwenye kesi za mipaka. Bibi hutajwa alivyozaa na alivyougua. Kazi alizoifanyia jamii nzima, kazi zenye mamlaka na wakati mwingine zenye faini, haziingii kwenye karatasi kwa sababu hazikuwahi kugongwa mhuri.

Tumfikirie huyo mwanamke wa mwaka 1935. Alizaliwa Mbulu ikiwa wilaya moja kubwa chini ya Waingereza, kabla Hanang, Babati na Karatu hazijamegwa. Alikuwa na miaka 20 wamisionari wa Norway walipofungua hospitali ya Kilutheri ya Haydom mwaka 1955, katika nchi ambayo hadi siku hiyo safari ya kumfikia daktari ilikuwa ndefu kuliko uchungu wa kujifungua. Alikuwa na miaka 25 Mbulu ilipokuwa jimbo pekee lililomkataa mgombea rasmi wa TANU katika uchaguzi wa mwaka 1960, pale Herman Sarwatt, mwana-TANU aliyesimama peke yake bila baraka za chama, alipomshinda Chifu Amri Dodo. Katikati ya miaka ya 1970 akakutana na Operesheni Vijiji. Mkoa wa Manyara ulipoundwa mwaka 2002 alikuwa tayari anaitwa bibi na watu wasio wa ukoo wake.

Kama alikuwa Mwiraqw wa Kainam, ujana wake ulipita kwenye miteremko ambayo wataalamu wa kilimo wameisifu tangu enzi za ukoloni. Watu wa huko walilima kwenye mlima mmoja vizazi kwa vizazi bila ardhi kuchoka, na siri kubwa ilikuwa samadi. Ng'ombe walilala ndani ya nyumba pamoja na watu. Asubuhi mwanamke alizoa samadi, akaibeba kwenye kikapu hadi shambani, akarudi, akaenda tena, kisha ndipo akaanza kusaga. Wageni walipoandika juu ya kilimo hicho waliandika zaidi juu ya makinga-maji na mitaro. Kikapu kilitajwa kwa nadra. Hata hivyo ukipita Kainam leo ukaona mashamba bado yako juu ya mteremko ambao kwa haki ungekuwa makorongo matupu, unaona kazi ya mabibi hao, na sijui ni kwa nini jambo hilo lisisomwe kwa sauti siku wanapozikwa.

Mama yake bibi huyo yumkini alipitia marmo, unyago wa wasichana wa Kiiraqw, ambao ulizimika wakati wa ukoloni. Wasichana walitengwa kwa miezi, wakafundwa na wanawake wazima, na walipotoka walivaa sketi za ngozi zilizotiwa shanga kwa ustadi wa ajabu. Baadhi ya sketi hizo zimo kwenye makumbusho ya Ulaya na Marekani. Waliozishona hawapo tena, na waliowaona wakizishona wanatutoka mmoja mmoja.

Upande wa Wabarabaig, ndugu zetu wa jamii ya Wadatoga ambao nchi yao ni tambarare zinazouzunguka Mlima Hanang, sketi ya ngozi haijazimika. Wanaiita hanang'weanda. Mwanamke huipata anapoolewa, na kwa wanaoshika mila ni vazi takatifu linalobeba uzazi wake na heshima ya ukoo aliotoka. Utaiona kwa vikongwe siku za mnada, ukanda kwa ukanda wa ngozi laini iliyolainishwa kwa mafuta, mikono ikiwa imejaa bangili za shaba, na kuzunguka macho zile chale za mviringo ambazo wasichana wa sasa hawachanjwi sana. Wapiga picha wa utalii huzipenda picha za namna hiyo. Wanachokipiga picha ni hakimu, ila hawajui.

Nasema hakimu kwa maana yake kamili. Wabarabaig wana baraza la wanawake, girgwageda gademga, na George Klima, mwanaanthropolojia wa Kimarekani aliyeishi nao miaka ya 1950, alilieleza kwa kirefu kwenye makala aliyoichapisha mwaka 1964. Baraza hilo huitishwa pale mwanamume anapowakosea wanawake kama wanawake, si pale mke na mume wanapogombana kwa mambo ya kawaida. Mfano ni mume anayempiga mke aliyejifungua karibuni na bado yuko ndani na mtoto mchanga. Mwingine ni anayemzuia mkewe kwenda kwenye ibada za wanawake, au anayeingilia mambo ya chumba cha uzazi ambako mguu wake hautakiwi. Habari hupita kimya kimya kutoka boma hadi boma. Wanawake wa eneo zima huacha kazi zao, hukusanyika chini ya mti, na wenye umri mkubwa ndio wanaoongoza mazungumzo.

Hapo kesi husikilizwa. Aliyekosewa hueleza, wanaomjua mtuhumiwa hueleza, na wanawake wazee hupima. Wakiona amekosa, humtoza ng'ombe. Akikataa kulipa, wanamlaani, na hilo si jambo la kuchezea, kwa sababu laana ya wanawake wengi waliozaa inahesabiwa kuwa inagusa mifugo yake, watoto wake na uzao wake wote. Wanaume wenzake hawamtetei. Watamshauri alipe, tena mapema. Klima aliona kwamba wanaume, ambao ndio wenye ng'ombe na ndio wenye sauti katika mabaraza yao, katika shauri hili hunyamaza wakapokea hukumu.

Astrid Blystad, muuguzi na mwanaanthropolojia wa Norway aliyefanya kazi na utafiti miongoni mwa Wadatoga wa Mbulu na Hanang, aliandika miaka ya 1990 juu ya nguvu hiyo hiyo ya wanawake na uhusiano wake na Udameselgwa, mama wa kiroho ambaye wanawake humwimbia na kumwomba uzazi. Ninawataja watafiti hawa wawili kwa sababu moja. Tunao ushahidi wa maandishi, wa zaidi ya nusu karne, kwamba mwanamke mzee katika wilaya hizi alikuwa na ofisi. Haikuwa na meza wala faili, lakini ilikuwa na mipaka ya kazi, ilikuwa na adhabu, na ilikuwa na watu wanaoiogopa kwa haki. Bibi aliyeketi chini ya mti huo kwa miaka 40 ametoa hukumu nyingi. Siku ya mazishi yake tunaambiwa alipenda kukarimu wageni.

Wabarabaig wenyewe, kwa bahati njema, wanayo njia yao ya kuandika wasifu, nayo huandikwa kwa udongo. Mzee mwenye heshima akifariki, wanawe na wazee wa ukoo hukaa kuamua kama atafanyiwa bung'eda. Si kila mtu anastahili. Huangaliwa uzao wake, mwenendo wake, uzito wa neno lake alipokuwa hai, na kama familia ina ng'ombe na asali ya kutosha, kwa kuwa pombe ya asali ni moyo wa shughuli yote. Wengi wanaofanyiwa ni wanaume. Lakini mwanamke aliyestahili naye hufanyiwa, na watoto wake huhangaika kutafuta asali kama ambavyo wangehangaika kwa baba yao.

Kaburi la bung'eda halimaliziki kwa siku moja. Hujengwa kwa awamu, udongo juu ya udongo, likizungushiwa miti, na kazi hiyo huweza kuchukua miezi tisa, muda ule ule wa mimba. Kila awamu ina watu wake na vinywaji vyake. Koo zinazohusiana na marehemu zina nafasi zinazojulikana, na anayekosa kuja anaulizwa. Polepole tuta linapanda mpaka linampita mtu kimo. Siku ya kilele watu hufurika kutoka pande zote za nchi ya Wadatoga, vijana wakiruka na kuimba, wanawake wakiwa wamevaa ngozi zao, na mwana wa marehemu hupanda hadi juu ya tuta mbele ya macho ya wote. Kuanzia hapo mahali pale panakuwa na jina. Wajukuu watarudi hapo kuomba, wakiwa na shida au wakiwa na shukrani, na mchungaji atakayepita na mifugo miaka 50 baadaye ataambiwa ni nani amelala pale, alimzaa nani, na kwa nini alistahili.

Sasa ufikirie trekta likipita juu yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali, kupitia Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, na kwa msaada mkubwa wa Kanada, ilianza kulima ngano katika tambarare za Hanang. Mashamba yakafika saba: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Waret na Gidagamowd, jumla ya karibu ekari 100,000. Taifa lilihitaji mkate, na ngano ilitoka kweli. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya ngano ya Tanzania ilitoka huko. Lakini ardhi iliyochaguliwa haikuwa tupu kama ilivyoonekana kwenye ramani. Ilikuwa muhajega, malisho bora kuliko yote waliyokuwa nayo Wabarabaig, ambayo waliyatumia kwa zamu, wakiyaacha yapumzike na kuyarudia. Na ndani ya malisho hayo mlikuwa na makaburi.

Mtafiti Charles Lane, aliyeishi na Wabarabaig miaka ya 1980, aliorodhesha yaliyotokea. Makaburi ya bung'eda yalilimwa. Familia zilizokuwa zikienda kuomba zilikuta mistari ya ngano, na aliyekatiza shambani kwenda kaburini alihesabiwa kuwa amevamia mali ya shirika. Watu wa Mulbadaw walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani iliigeuza hukumu hiyo na kuipa NAFCO ushindi. Kijiji, ilisema, hakikuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi ile kisheria, na wanakijiji hawakuthibitisha kwamba wao ni wenyeji kwa maana ya sheria ya ardhi ya wakati huo. Kesi hiyo bado inasomwa na wanafunzi wa sheria wa vyuo vyetu, na wengi wao hushangaa kama nilivyoshangaa mimi.

Ninaileta hapa kwa sababu swali la ni nani mwenyeji wa Mulbadaw lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa limelala shambani. Mtu aliyezikwa kwa miezi tisa, mbele ya koo zote zinazomtambua, mahali panapojulikana kwa jina lake, amethibitishiwa uenyeji kwa namna ambayo karatasi haiwezi. Miongoni mwa waliolala hivyo ni wanawake. Bibi aliyekata kesi za wanaume alipokuwa hai, alipokufa kaburi lake lingeweza kuwa shahidi wa kesi ya wanawe. Shahidi huyo hakuitwa, na jembe lilikuwa limeshampitia.

Mwishoni mwa mwaka 2023 mlima wenyewe ulishuka. Alfajiri ya Jumapili, Desemba 3, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang ilimeguka na tope zito lenye mawe na magogo likateremka hadi Katesh na Gendabi. Waliofariki walifika 89. Rais Samia Suluhu Hassan, aliyekuwa Dubai kwenye mkutano wa dunia wa tabianchi, alikatiza safari na kurudi. Magazeti yalihesabu marehemu, majeruhi, nyumba na mifugo. Hiyo ni kazi ya lazima na ilifanywa. Lakini kwenye orodha za msiba mkubwa hata ile karatasi moja ya wasifu hukosekana. Vikongwe huwa wengi kwenye orodha za namna hiyo, kwa sababu alfajiri kikongwe yuko ndani, na maji yakija hawezi kukimbia. Manusura walijengewa nyumba zaidi ya 100 Waret, ambako zamani ilikuwa ngano, na kabla ya ngano yalikuwa malisho.

Wairaqw walikuwa na namna nyingine ya kuukubali msiba, ambayo makanisa yameipunguza makali na miji imeisahau. Aliyefiwa, hasa mjane au mama aliyempoteza mtoto, aliingia metimani: alikaa mbali na watu kwa miezi, hakushirikiana nao chakula wala vyombo, mpaka muda ulipotimia na akatakaswa. Ilikuwa mila ngumu, nzito zaidi kwa wanawake, na sitamani irudi kama ilivyokuwa. Ila ndani yake mlikuwa na jambo ambalo misiba ya siku tatu na gari la kukodi haina nafasi nalo. Jamii ilikiri kwamba aliyekufa ameacha shimo, na kwamba shimo haliwezi kufukiwa kwa ratiba.

Nimalizie Yaeda Chini, magharibi mwa Mbulu, kwa Wahadzabe, maana huko thamani ya bibi imepimwa hata kwa mizani. Tangu miaka ya 1980 Kristen Hawkes wa Chuo Kikuu cha Utah na wenzake, James O'Connell na Nicholas Blurton Jones, walikaa na kambi za Wahadzabe kandokando ya Ziwa Eyasi wakihesabu saa za kazi na kupima chakula kinachorudi kambini. Walitarajia kuona wawindaji wakilisha familia. Walichokuta ni wanawake wazee, waliokwisha kukoma kuzaa, wakitoka kila siku na mti wa kuchimbia, wakikaa juani kwenye ardhi ngumu yenye mawe na kuchimba mizizi kwa saa nyingi kuliko mabinti zao. Mama akijifungua, uwezo wake wa kutafuta chakula unashuka, na hapo mtoto aliyeachishwa ziwa anaanza kumtegemea bibi. Uzito wa watoto hao ulikwenda sambamba na kazi ya bibi. Kutokana na vipimo hivyo, mwaka 1997 na 1998 wakatoa hoja ambayo sasa inajadiliwa vyuo vikuu vingi duniani: kwamba huenda binadamu anaishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa kwa sababu tangu zamani sana mabibi walikuwa wakiwalisha wajukuu.

Hoja hiyo ina wapinzani, na wataendelea kubishana. Bibi wa Yaeda hakuingojea. Anajua mlima upi una mizizi baada ya mvua zipi, udongo unalia vipi ukigongwa pale penye mzizi chini yake, na mjukuu yupi ana njaa na haisemi. Akifariki, maarifa hayo hubaki kwa binti aliyekuwa akitoka naye, kama alitoka naye.

Ardhi anayoichimba ilikuwa ikipungua mwaka hadi mwaka, kwa mashamba na kwa mifugo ya wageni. Mwaka 2011, kwa msaada wa Ujamaa Community Resource Team, shirika la Kitanzania ambalo kiongozi wake Edward Loure alipata Tuzo ya Goldman mwaka 2016, Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipewa hati ya hakimiliki ya kimila kwa ardhi yao ya pamoja. Ni karatasi ya aina ile ile ambayo watu wa Mulbadaw waliulizwa na hawakuwa nayo. Baadaye kampuni ya Carbon Tanzania ikaanza kuuza hewa ukaa ya misitu hiyo, na fedha zinazorudi kijijini hulipa walinzi wa msitu, matibabu na ada za watoto shuleni. Walinzi huzunguka vilima vile vile ambako wanawake hutoka asubuhi na miti yao ya kuchimbia, wakubwa wakitangulia, mabinti nyuma yao na watoto migongoni.